Ovaroli Isiyofuliwa

Kama una kijana anayependa nguo kuukuu za kazi, na nyumbani kuna mtoto mdogo anayetambaa, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi niliishia shule ya msingi, na maneno ya hospitali nisiyoyaelewa sitayatia humu. Nitaeleza tu jinsi tulivyoishi na ovaroli moja mpaka siku ilipovuliwa.

Mwanangu anafanya kazi katika duka la miwani. Anapokea wateja, anawapima upana wa uso, anawachagulia fremu, na jioni anarudi na shati jeupe lisilo hata doa la jasho. Spana hajui inashikwa upande gani. Bomba la jikoni likivuja, namwita jirani. Lakini akishaingia ndani analivua lile shati na kuvaa nguo za watu waliovunja mawe: jinzi nzito zinazosimama zenyewe, makoti ya wachomeleaji, mashati ya mafundi wa reli. Majirani wakampa jina, Fundi Hewa. Akipita na koti lake lenye mifuko ya bisibisi, yule jirani mwenye pikipiki humwita: fundi, hebu njoo unisikilizie injini. Naye hujibu kwamba leo yuko likizo. Likizo hiyo haijawahi kuisha.

Sikuwa na ugomvi na nguo zenyewe. Wenzake wana ulevi mbaya zaidi. Na kusema kweli alikuwa na akili nazo. Aliniambia namba iliyoshonwa kiunoni haina ukweli, kwa sababu kitambaa cha zamani hunywea kikifuliwa na hutanuka kikivaliwa, basi suruali mbili za namba moja, hii itakubana pumzi na ile itakuvuka mbele za watu. Kwa hiyo hajipimi mwili, anapima nguo. Huilaza mezani, anainyoosha kwa kiganja, anapitisha tepu kiunoni, pajani, kisha toka panda ya miguu hadi kwenye pindo, halafu analinganisha na ile suruali yake inayomkaa kuliko zote. Meza yetu ya chakula ikawa meza ya vipimo. Ukitaka kuweka sahani, ngoja kwanza mguu wa suruali upite.

Kuna jinzi moja mpya, ngumu kama turubai, aliinunua kubwa makusudi, akaingia nayo kwenye pipa la maji ya moto, kisha akasimama uani juani, miguu kaitanua, mpaka ikamkaukia mwilini na kushika umbo lake. Mke wake, ambaye ni msusi, akatoka na kitana mkononi, akamtazama kwa utulivu, akasema maisha yake yote hajaona nguo iliyoanikwa na mwenyewe akiwa ndani. Tulicheka mpaka jioni.

Hizo ni mpya. Kuukuu zina sheria nyingine: hazifuliwi. Magoti yaliyofifia, mistari ya mikunjo nyuma ya goti, alama ya pochi iliyokaa mfukoni miaka na miaka, hivyo ndivyo wapenzi wa nguo hizi wanavyovitafuta, na sabuni huviondoa. Vumbi likizidi wanapiga brashi ya viatu. Harufu ikizidi wanailaza nguo kwenye friza, eti baridi itaua vijidudu. Siku moja nilifungua friza kutoa samaki nikakuta suruali imewalalia, imekakamaa kama ubao. Mkamwana wangu akatoa hukumu kwamba mmoja ahame, ama samaki ama suruali. Waliohama ni samaki.

Sheria hizi mwanangu alizipata kwa rafiki yake, kijana mmoja tunayemwita Vifungo. Ukimpa koti la zamani hatazami kola wala mifuko, anageuza kifungo nyuma, anasoma alama zilizogongwa kwenye shaba, anakwambia koti lina umri gani. Hajaoa, anaishi na mama yake, na chumba chake nasikia hakina pa kukanyaga. Akija kwetu wanakaa na mwanangu wamekunjua koti kati yao kama watu wanaosoma ramani. Vifungo alikuwa na koti moja la jinzi lenye bitana ya blanketi, na mwanangu alilitamani hata akilala. Vifungo hakuwa tayari kuliachia.

Sasa, ovaroli. Ilitoka kwa mama mmoja anayefungua marobota ya mitumba, lakini yenyewe haikutoka kwenye robota. Aliletewa na mjane wa karibu na kwake, aliyekuwa anapunguza vitu vya marehemu. Ya buluu iliyofifia mpaka kuwa rangi ya moshi, na mapajani ina vitundu vingi vidogo kama vya sindano. Mwanangu ana maumbile ya marehemu baba yake, kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, na ovaroli zote alizowahi kujaribu zilimvuta kwenye panda hata akawa anatembea kama bata. Hii aliilaza mezani, akaipima toka kola mpaka panda, akapima tena. Halafu akaivaa, akachuchumaa, akasimama. Haikumvuta popote. Nilimwona usoni. Sikuwa nimemwona hivyo tangu siku ya harusi.

Tena ilikuwa na historia, na wao historia ndiyo wanayoitafuta hasa. Mjane alimwambia muuzaji, muuzaji akamwambia mwanangu, mwanangu akatuambia sote, wageni na wapita njia, kwamba mwenye ovaroli alikuwa akipasua betri kuukuu za magari, anatoa vyuma vya ndani na kuviyeyusha. Vile vitundu ni tindikali. Lile vumbi la kijivu lililoganda kwenye mishono na kwenye pindo la miguu ni la kazi yenyewe. Vifungo aliposikia alikaa kitini kwanza. Akamwambia mwanangu asije akaigusisha maji, hata ya mvua, kwa sababu nguo kama hiyo ikifuliwa inakuwa nguo tu.

Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi hata ningeweza kumsimulia yeye. Na mimi, ambaye mtoto akipiga chafya nakimbilia kofia, sikushtuka. Nilishtukia suruali kwenye friza. Betri hazikunishtua, betri ilikuwa hadithi.

Mjukuu wangu ndiyo kwanza alikuwa anatembea kwa kushikilia viti. Ana maneno yake: mama, maji, taa, na mimi aliniita Bii. Mchana nashinda naye mimi. Jioni baba yake akirudi na kuvaa ile ovaroli, mtoto humpandia mapajani, anaishika kola kwa mikono miwili na kuinyonya mpaka inalowa. Ikivuliwa, inatundikwa kwenye msumari ukutani, na chini ya msumari ndipo kilipo kitanda cha mtoto, kwa kuwa chumba chetu cha pili ni kidogo na ukuta mwingine wote una makoti. Jumamosi inapigwa brashi pale pale.

Mtoto alianza kwa kukataa chakula. Nikasema meno. Halafu haja ikawa ngumu, analia akishika tumbo, usiku hatulali. Zahanati wakatupa dawa ya minyoo. Halafu akapauka, wakatupa dawa ya kuongeza damu. Mwanangu naye alilalamika tumbo na kichwa, akasema ni mafuta ninayopikia, nikabadilisha mafuta. Nilipowaambia kwamba mtoto amepunguza maneno, mwanangu alicheka, akaniuliza kama king'ora changu hakina mahali pa kukizimia. Simlaumu. Nimekipiga kila siku tangu yeye mwenyewe ni mtoto, masikio yalikwisha kuzoea.

Lakini ilikuwa kweli. Taa ilipotea. Maji yakapotea. Siku moja nikamwita, akanitazama, mdomo ukafunguka, hakuniita Bii. Akarudi kutambaa.

Hapo hata mwanangu akaingiwa na hofu, na mtu akiogopa hutafuta wa karibu wa kumlaumu. Akamgeukia mkewe. Akasema ni dawa za nywele za saluni, zina sumu, anakuja nazo kwenye nguo na kumshika mtoto. Mkamwana wangu hakubishana. Akaacha aproni yake kazini, akawa anabadilisha nguo kabla ya kuingia, ananawa hadi viwiko, ndipo anamchukua mwanawe kutoka mapajani mwa mumewe. Mumewe kavaa ovaroli.

Shuleni tulifundishwa methali ile ya kikulacho, kwamba ki nguoni mwako. Mwalimu alituambia maana yake ni ndugu na rafiki. Nami nikaishi nayo hivyo hivyo, sikuwahi kufikiri inaweza kuwa nguo.

Tulikwenda hospitali kubwa wote wanne. Ilikuwa siku ya mapumziko ya mwanangu, basi hakuvaa shati jeupe, alivaa ovaroli. Daktari alikuwa binti kijana, mpole, wakati wote anaandika bila kuinua uso. Akachukua damu, tukaambiwa turudi, tukarudi, mwanangu yumo ndani ya ovaroli vile vile. Safari ile ya pili hakuandika. Alisema damu ya mtoto ina madini ya risasi, yale mazito yanayowekwa ndani ya betri za magari, na kwamba kwa mtoto mdogo yanaingia mpaka kwenye akili. Akasema yamezidi sana na lazima alazwe siku hiyo hiyo, apewe dawa ya kuyatoa. Akauliza nani nyumbani anafanya kazi na betri, au rangi, au anayeyusha vyuma.

Tukasema hakuna. Mkamwana wangu akasema yeye ni msusi. Nikasema mimi nipo nyumbani.

Daktari akamtazama mwanangu kuanzia kola mpaka pindo. Mtoto alikuwa mapajani mwake, kola iko mdomoni.

"Na wewe, kaka? Wewe ni fundi wa nini?"

"Mimi si fundi. Niko duka la miwani."

"Hiyo nguo ya kazi ni ya nani?"

"Yangu. Niliinunua."

Hapo ndipo siku zote huanza hadithi. Nilimsubiri aianze. Aliutazama mkono wa mtoto ulivyoshika kola. Akambandua kidole kimoja kimoja kwenye kola, akamkabidhi mama yake, akasimama na kwenda mpaka ukutani, mbali nao.

"Mwenyewe wa kwanza alikuwa anapasua betri," akasema. "Haijafuliwa. Mimi ndiye sikutaka ifuliwe."

Mkamwana wangu alimkumbatia mtoto, akamtazama mumewe, akatazama mikono yake mwenyewe, ile aliyoinawa mpaka ngozi ikachubuka. Neno la lawama hajalisema hadi leo, na nadhani mwanangu angeona nafuu kama angelisema.

Daktari akamwambia aivue pale pale, taratibu, bila kuikung'uta. Wakaitia kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya mfuko mwingine, wakaufunga, wakatukabidhi tumwekee afisa wa afya. Ndani alikuwa na fulana na kaptura, navyo vikachukuliwa. Wakampima damu naye, akakutwa ana madini yale yale, pungufu kuliko ya mtoto. Alirudi nyumbani na gauni la wagonjwa, lile la kufungia mgongoni, na jirani wa pikipiki akamuuliza kwa mbali kama fundi leo kahamia wodini. Halafu akatuona nyuso, akaja kutushikia mageti na mizigo.

Mimi nilitaka vyote vichomwe. Nilishaweka mafuta ya taa na kiberiti mlangoni. Mkamwana wangu, aliyetoka wodini mara moja kuoga, akaniambia, "Mama, daktari kasema moshi wake una sumu ile ile," akanichukulia kiberiti. Na kweli tulikatazwa kuchoma, na kufagia kavu, na kufua pamoja na nguo nyingine. Akaja afisa wa afya, akavaa barakoa, akaangalia msumari, akaangalia kitanda, akauliza vumbi hupigwa brashi wapi. Mwanangu akaonyesha kwa kidole. Godoro likaondoka. Mkeka ukaondoka. Friza tuliiosha mara ngapi sijui. Sakafu na kuta tulipiga kwa matambara mabichi na sabuni, na matambara yenyewe yakaingia mfukoni yakaenda na afisa.

Yalibaki yale makoti mengine. Mwanangu aliyashusha yote, akayapanga uani mafungu mawili. Fungu moja ni ya watu ambao kazi zao anazijua na hazina madhara, mashati ya reli na ya posta. Fungu la pili ni yale ambayo hakujua yalivaliwa wapi, au yalikaa karibu na ovaroli. Fungu la pili lilikuwa kubwa zaidi, na humo mlikuwa na vitu alivyovipenda kabla hajaoa. Aliyatia mifukoni yote bila kuyapima mara ya mwisho. La kwanza alilifua, peke yake, na maji yakatoka ya kahawia, yakaja ya kijivu, yakaja ya buluu. Rangi iliondoka. Hakutazama.

Mifuko ilikuwa bado iko uani, inangoja gari la afisa, Vifungo alipokuja. Habari alikuwa nazo. Alimpa mwanangu pole, akaniamkia, akauliza hali ya mtoto, akakaa. Na mkononi alikuwa na lile koti lake lenye bitana ya blanketi.

Alizungumza taratibu. Alisema ovaroli kama ile haitapatikana tena, kwamba ikienda kwa afisa itafukiwa shimoni, na wapo watu wanaojua kutunza. Yeye angeitundika ndani ya mfuko wake huo huo, haivai, anaitazama tu. Akalilaza koti mezani, mikono kaikunjua, mbele ya mwanangu. Kipimo kilikuwa chake, mwanangu alikwisha kulipima zamani, siri hiyo naijua.

Mwanangu aliliangalia. Akalishika pindo kwa vidole viwili kama anavyofanya. Niliogopa, kwa maana ninamjua, na kwa maana mfuko ulikuwa hatua chache tu kutoka pale na afisa asingehesabu.

"Siwezi kukupa," akasema.

"Mimi sina mtoto, ndugu yangu."

"Lakini una mama."

Mwanangu akalikunja lile koti vizuri, mikono kwa ndani, akamrudishia. Kisha akawa anamtazama kichwani. Akamuuliza ile kofia kaitoa wapi. Ilikuwa kofia ya kazi, ya buluu iliyofifia mpaka kuwa rangi ya moshi, na kwenye mshono wa ukingo ina ukungu wa kijivu. Vifungo akaanza kujibu kwa ile furaha yao, kwamba aliipata kwa yule yule mama wa marobota, siku ile ile, mjane alileta vitu viw...

Akaishia hapo. Akaivua. Akabaki kaishika hewani, hajui aiweke wapi: mezani kwetu hawezi, mapajani mwake hawezi, na mfukoni mwa suruali ndimo hawezi zaidi. Mwanangu akaenda kumletea mfuko wa plastiki. Kesho yake Vifungo alimpeleka mama yake akapimwe damu, yeye akafuata.

Mtoto alikaa wodini muda mrefu kuliko nilivyozoea kusubiri. Madini damuni mwake yameshuka, si kwamba yamekwisha. Daktari alituambia wazi kwamba yaliyoingia mifupani hutoka polepole, kwamba tutakuwa tunarudi kupima, na kuhusu akili hawezi kuahidi, tungoje tuone anavyokua. Kwa hiyo tunangoja. Tunampa chakula cha kuongeza damu, tunamnawisha mikono kila anapogusa kitu, na mimi naruhusiwa kupiga king'ora kadiri nipendavyo.

Mwanangu hakuacha nguo za zamani. Watu hushangaa nikisema hivyo. Juzi nilikuwa naye kwa yule mama wa marobota, akaonyeshwa suruali, magoti yamefifia vizuri sana. Hakutoa tepu. Aliuliza kwanza ilivaliwa na nani, akifanya kazi gani. Ni swali lile lile alilokuwa akiuliza zamani, ila sasa akikosa jibu anaondoka. Na akipewa jibu zuri bado anaifua nje, mbali na beseni la mtoto. Basi nawe mfundishe wako hivyo. Ukiambiwa nguo ina historia, uliza ni historia gani, halafu fungua maji.

Nyumbani sasa tuna sheria moja ya mlangoni. Yeyote anayetoka kazini anasimama kizingitini, na aliyepo ndani humwambia avue: viatu, aproni, shati. Tumeisema sana, kila jioni, kwa kila mtu.

Wiki iliyopita mwanangu alirudi na shati lake jeupe, akasahau, akaingia na mikono kainyoosha mbele amchukue mtoto. Mtoto alikuwa amesimama ameshikilia kiti. Akamnyooshea baba yake kidole.

"Vua," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu yale mengine yapotee. Si mama, si maji, na Bii bado sijaitwa. Mwanangu alirudi nyuma mpaka kizingitini, akaanza kufungua vifungo kuanzia cha juu, na mtoto amemkazia macho kama mtu aliyeagizwa kusimamia.

"Vua," akasema tena.